Kibodi ya breli siyo ile ya stika

Kila mtu akitaka kunisaidia mambo ya kompyuta ananiletea stika. Zile za plastiki zenye nukta nundu, unabandika juu ya kila kitufe halafu eti kibodi imeshakuwa ya breli, yale maandishi ya kupapasa ya sisi tusioona. Nashukuru kweli, sina neno, lakini jamani nani anataipu kwa kupapasa kitufe kimoja kimoja? Hata nyie mnaoona mkishazoea hamwangalii chini. Sisi tunatafuta vile vinundu viwili vya F na J ambavyo hata kibodi yako inavyo, vidole vinajipanga vyenyewe, na programu ya kusoma skrini, mimi natumia NVDA ya bure, inanitajia nilichobonyeza. Stika zinamfaa anayeanza, basi.

Kibodi ya breli yenyewe ni habari nyingine kabisa. Vitufe sita tu vya kuandikia, kimoja kwa kila nukta ya herufi, vitatu kushoto vitatu kulia, na spesi katikati. Kidole cha shahada cha kushoto ni nukta 1, cha kati 2, cha pete 3, na mkono wa kulia hivyo hivyo 4, 5, 6. A ni 1, B ni 1 na 2 kwa mpigo, C ni 1 na 4. Na hapa ndo namvulia kofia Louis Braille, Mfaransa aliyeibuni breli, maana ukishazijua herufi kumi za kwanza unaongeza nukta 3 unapata kumi zinazofuata, K ni A iliyoongezwa 3, L ni B iliyoongezwa 3, unateremka nayo mpaka T. W peke yake ndo imekaa ovyo kwa sababu Kifaransa cha enzi zake kilikuwa hakina shughuli nayo.

Mimi nilianzia kwenye Perkins, ile mashine ya chuma ya kuandikia breli iliyotoka 1951, nzito balaa na kelele zake, ukibonyeza nukta imeshatuna kwenye karatasi, hakuna kujitetea. Kwenye vifaa vya elektroniki ni kinyume chake, herufi haiingii ukibonyeza, inaingia ukiachia, kwa hiyo kidole kikichelewa unakiteremsha tu wenzake wakiwa bado chini na hakuna atakayejua. Kuna namna ya kufanya hivi hata kwenye laptopu kwa kutumia S D F na J K L, shida ni kwamba kibodi nyingi za kawaida hazipokei vitufe sita kwa pamoja, zinameza kimoja, unaishia kuandika madudu.

Kwenye simu ndo napapenda zaidi. iPhone imekuwa na kibodi ya breli ya kwenye kioo tangu 2014 na Android ikaja 2020 ndani ya TalkBack, programu yake ya kusoma skrini. Unaigeuza simu kioo kiwatazame watu, vidole vitatu kila upande, unaandika hewani hivi. Watu huniambia si uongee tu simu iandike yenyewe, na mimi huwauliza, pasiwedi yako ya benki ungeisema kwa sauti kwenye gari limejaa? Ugomvi wako na mwenzio je? Kuongea na simu ni sawa kama unataka kila mtu ajue mambo yako.

Ila kuandika ni nusu ya safari, kujisomea ulichoandika ndo kunakula hela. Kile kifaa chenye mstari wa breli unaobadilika, kila seli, yaani nafasi ya herufi moja, ina pini nane (zile nukta sita na mbili za ziada) zinazopanda na kushuka kwa umeme, seli 40 ni pini 320, ndo maana bei yake inatisha. Lakini raha yake! Sauti ikisoma mbio huwezi kujua kama umeandika mahali au mahari, wala kama umepiga spesi mara mbili, kidole kinajua. Juu ya kila seli kuna kitufe kidogo, ukikuta kosa unakibonyeza na kasa (ile alama ya mahali unapoandika) inaruka pale pale kwenye hiyo herufi, hakuna kuhesabu mishale.

Nikijaliwa kununua cha kwangu mwenyewe nachukua seli 20 chenye vitufe sita juu yake, siyo kile cha 40 cha kusomea tu. Mstari mfupi navumilia. Kurudi kuvizia F na J kila nikitaka kuandika neno, hapana aisee.