Land Rover yenye kibanda cha mninga: nilipofikia mpaka sasa

Mwezi wa kwanza

Nimeinunua. Mama watoto ameizunguka mara moja tu, akauliza kama kuku wanakuja nayo au wanabaki kwao.

Ni Land Rover 109, ile ndefu, Series IIA ya petroli, toleo la miaka ya 1960. Nimeikuta Mjimwema, Kigamboni, chini ya mkorosho, na mwenye nyumba mwenyewe ameshasahau ililala hapo tangu lini. Ukiitazama kwa mbele ni ya kawaida kabisa. Taa mbili zimebanana kwenye grili, maana yake ni ya kabla taa hazijahamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Namba ya chesisi inaanza na 252: petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. Mpaka hapo hakuna la ajabu.

Ajabu inaanzia mgongoni kwa dereva. Kuna kibanda. Mtu alikata bodi, akasimamisha fremu ya mninga, akaivika mabati ya aluminiamu, akaweka mlango wa nyuma unaofungukia juu, dirisha la ubavuni lenye kifuniko, na kwenye paa tundu la mraba linalofikiwa kwa ngazi fupi ya chuma. Jina la fundi halipo popote. Nimelitafuta hadi chini ya sakafu.

Kadi ya gari ipo, na jina la kwenye kadi ndilo la marehemu baba wa aliyeniuzia, kwa hiyo karatasi za mirathi zilitangulia kabla ya pesa. Wengi huanza na injini, kadi baadaye. Injini utapata nyingine.

Brekdauni iliivusha Daraja la Nyerere usiku, tukaishusha uani kwangu Tabata.

Mwezi wa pili

Kufungua, kufungua, kufungua. Kijana anayenisaidia alikuja na boksi lake la spana, namba 13 ikaingia ikicheza, namba 12 haikuingia kabisa. Akachukua 13 na nyundo. Nati tatu zikawa duara kabla sijamzuia. Hii gari ni ya inchi: nusu inchi ni milimita 12.7, na hiyo 0.3 inayobaki ndiyo inayokula kona za nati. Tulienda mtaa wa Gerezani, tukarudi na seti ya inchi iliyotumika, imechakaa kwa sura lakini bado inashika.

Injini nilidhani ndiyo itakuwa kesi kubwa. Tulitoa plagi, tukamimina oili kwenye silinda, tukaiacha siku nne, kisha tukaizungusha kwa hendeli. Ikagoma, ikagoma, ikageuka. Inatosha kwa sasa.

Mwezi wa nne

Mvua za masika zimetukalisha chini, lakini ndipo nimejifunza kitu kikubwa kuliko vyote kwenye mradi huu.

Watu husema Land Rover ya zamani haili kutu kwa sababu bodi ni aluminiamu. Bodi ndiyo, maana baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, Rover wakageukia aluminiamu, na gari likaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 likiwa na ngozi hiyo. Ila mifupa ni chuma. Chesisi ni boksi lililofungwa; matope na maji ya chumvi yakishaingia, linaoza kwa ndani huku nje rangi ikikudanganya. Ya kwangu nilipita nayo na nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Ngo, ngo, ngo, kisha *pufu*. Mikono miwili inayobeba bodi upande wa kushoto ilikuwa rangi na matumaini tu.

Tena aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe kama wa muhogo. Sehemu zote ambazo kiwanda kilifunga bati moja kwa moja kwenye chuma, unga umejaa, matundu ya bolti yamepanuka.

Nikahamia kwenye kibanda nikitegemea balaa zaidi. Nikatoa bati la kwanza. Safi. La pili, safi. Kati ya kila bati na kila kipande cha chuma, yule fundi alilaza ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari. Kila bolti ina kijiduara chake cha mpira. Skrubu zilizoingia kwenye mninga ni za shaba. Miaka yote hiyo kwenye upepo wa bahari!

Nilikaa kwenye ndoo nikaangalia tu.

Mwezi wa tano

Hasara, na ni yangu mwenyewe. Fundi umeme alifunga betri kama anavyofunga kila gari, hasi kwenye bodi. Hii ni ya zamani: chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Nilijua, sikumwambia, nilikuwa kwenye simu. Injini ikawaka vizuri, dainamo ilipoanza kuchaji, platini za regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, zikaungua zikashikana, moshi ukatoka. Sasa nimeandika CHANYA BODI kwa rangi nyekundu juu ya betri.

Mwezi wa saba

Chesisi imechomelewa kwa bamba la milimita 3, na mikono miwili mipya imechongwa Keko.

Kuhusu kibanda nimepata hukumu mbili. Mzee mmoja jirani nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye tundu la paa. "Hili gari la sinema. Kipaza sauti kilikaa pale, jenereta kule." Mwenzake akamkatalia hapo hapo: gari la zahanati, dirisha lile ni la kugawia dawa. Waliondoka wakibishana. Mimi nimepata kwenye sakafu reli mbili za chuma zenye umbali wa futi mbili, kitu kizito kilikuwa kikivutwa nje kwa mlango wa nyuma. Nimeegemea kwenye sinema, ila sijamwambia mzee wa zahanati.

Rafiki zangu wenye Land Rover wananishauri nikivunje, nitafute bodi halisi, thamani itapanda. Siwalaumu. Lakini sehemu iliyooza ni ya kiwandani, iliyosimama ni ya huyu mtu. Kibanda kinabaki, na maungio yote ya kiwandani nayafunga kwa utaratibu wake wa mpira.

Fundi tairi wa Tandika ameniwekea tyubu mbili za lori zilizochoka. Kesho nazifuata, na mkasi.