Simu sita za nyumbani: nilivyozifunga nikianzia kwenye laini

Mtu akiambiwa ajilinde mtandaoni, kitu cha kwanza anachokimbilia ni kubadilisha neno la siri la Facebook. Mimi nilianza na laini. WhatsApp, barua pepe na programu nyingi za benki, ukiingia upya au ukisema umesahau neno la siri, zinakutumia tarakimu sita kwa SMS, na SMS inakwenda kwa yeyote aliyeshika laini kwa wakati huo. Ukiacha laini wazi, maneno ya siri magumu ni sawa na kufuli kubwa kwenye mlango usio na bawaba.

Simu zenyewe zilikuwa sita: ya mama, ya baba, mbili za wadogo zangu, ya dada anayetusaidia kazi za nyumbani, na yangu. Tano ni Android, ya baba ni kitochi. Kila moja ilikula kama dakika 40. Ya mama ilifika saa moja na nusu, na kosa lilikuwa la barua pepe.

Hatua ya kwanza ni *106#. Hapa Tanzania menyu hiyo inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, cha NIDA. Nilipiga kwenye kila laini, nikamsomea mwenyewe namba moja moja: hii yako? Na hii? Namba usiyoijua usiipuuze, maana mtu akitapeliwa kwa laini hiyo, jina litakalosomeka polisi ni lako. Nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, omba ifutwe, kisha upige tena *106# siku zinazofuata uone kama kweli imeondoka.

Laini hizo za ziada mara nyingi huzaliwa chini ya mwavuli wa msajili wa mtaani. Umekwenda kusajili laini moja, umeweka kidole, msajili anakwambia, "Haijasoma mama, weka tena." Kidole cha pili kinaweza kuwa kinasajili laini nyingine kabisa. Kweli mashine hugoma, hasa kwa vidole vya watu wa jembe na saruji, kwa hiyo kurudia peke yake si ushahidi. Nilichowafundisha wa nyumbani ni kuomba kuona skrini kabla ya kuweka kidole mara ya pili, na kupiga *106# wakiwa bado wamesimama pale pale.

Hatua ya pili ni namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Mwizi akikupora simu iliyofungwa kwa alama ya kidole hahangaiki na skrini. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, anaanza kupokea SMS zako. Laini yenye namba ya siri inamkatalia kila inapohamishiwa simu nyingine au simu ikizimwa na kuwashwa. Kwenye Android ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya usalama, kuna mahali pa kufunga SIM.

Sasa angalia hapa, maana ndipo watu wanapounguza laini. Simu itakuuliza namba ya siri ya sasa kabla ya kukuruhusu kuweka yako, na laini mpya huja na namba ya kiwandani. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu, laini inajifunga na kutaka PUK, namba ya kuifungulia yenye tarakimu nane. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa, utakwenda kuirudisha dukani. Kwa mdogo wangu mmoja nilijaribu 1234, ikakataa, nikaacha hapo hapo. Namba zote mbili huwa zimeandikwa kwenye ile kadi kubwa uliyovunjia laini. Kama ulishaitupa, waulize huduma kwa wateja kabla ya kugusa chochote. Na ukishaweka namba yako, iandike PUK kwenye karatasi, kwa sababu siku mtoto akiichezea simu utaihitaji.

Tatu, nilikagua kama simu zinaelekezwa kwingine. Utapeli wake uko hivi: anakupigia mtu mwenye sauti ya kistaarabu, anajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, anakutaja jina lako lote. Anasema laini ina hitilafu, itafungwa leo, ili kuirekebisha bonyeza nyota nyota ishirini na moja nyota, kisha namba anayokutajia, malizia na alama ya reli. Ukibonyeza **21* na namba yake na #, umeuagiza mtandao upeleke simu zako zote kwake. Akimaliza hapo anafungua WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako, na badala ya SMS anachagua kupokea tarakimu sita kwa kupigiwa. Simu inaita kwake. Wewe hujatoa siri yoyote, hujabofya kiungo chochote, na WhatsApp imekwenda.

Ukipiga *#21# utaona kama kuna namba inayopokea simu zako. Ukiona usiyoijua, piga ##002#, inafuta maelekezo yote. Ukipiga *#62# unaweza kukuta namba ngeni inayopokea simu yako ikiwa haipatikani. Mara nyingi ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya mtandao wako, usikimbie kulia. Kwenye kitochi cha baba misimbo hii inafanya kazi vilevile, kwa hiyo usidhani kitochi kiko salama kwa kuwa hakina intaneti.

Mama aliuliza swali zuri kuliko yote: "Mwanangu, sasa huyo mtu jina langu kalitoa wapi?" Nilimwonyesha kwa simu yangu. Nikaingiza namba yake kana kwamba namtumia hela, jina lake kamili likatokea kabla sijaweka namba ya siri, nikafuta. "Unaona mama, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kufanya hivi." Tangu siku hiyo kutajwa jina hakumtikisi tena, na nadhani dakika hiyo moja imefanya kazi kuliko mipangilio yote niliyoigusa.

WhatsApp yenyewe: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Unaweka namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Hii ni tofauti na zile sita zinazotumwa kwa SMS, na ndiyo inayomzuia tapeli hata akizipata za SMS. Weka na barua pepe wanapokuomba. Usipoiweka ukaja kusahau namba hiyo, utasubiri siku saba. Kisha fungua Vifaa vilivyounganishwa, utoe kila kompyuta usiyoitambua. Kwa mdogo wangu wa chuo tulikuta moja ya steshenari, aliifungulia WhatsApp ili achapishe kazi, akaondoka bila kutoka.

WhatsApp ikishaibwa, ingia upya kwa namba yako na uandike tarakimu sita mpya zitakazokuja kwa SMS. Pale tu unapoziingiza, mwizi anatolewa. Kama aliweka namba yake ya hatua mbili, wewe utasubiri siku saba, lakini naye hayumo tena. Ukiambiwa usubiri saa kadhaa kabla ya kutumiwa SMS nyingine, maana yake zimeombwa nyingi mno. Kubahatisha kunaongeza muda tu. Mazungumzo yako ya zamani mwizi hayaoni, yako kwenye simu yako, ila makundi anayaona na humo ndimo anamoombea hela. Kwa hiyo wapigie viongozi wa makundi kwa simu ya kawaida wakutoe kwanza.

Sasa barua pepe iliyonilia saa moja na nusu. Akaunti ya Google ya mama ilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku ile simu iliponunuliwa. Neno la siri alilijua yeye, na namba ya kurejeshea akaunti ilikuwa ya laini ambayo mama aliiacha kitambo. Laini isiyotumika mtandao huichukua na kuiuza upya, na mnunuzi mpya anaweza kupokea SMS za kuifungua barua pepe yako. Nilibadilisha neno la siri, nikafuta namba ya zamani, nikaweka uthibitishaji wa hatua mbili kwa Google Authenticator, programu inayotoa tarakimu ndani ya simu yenyewe, badala ya SMS. Google pia inatoa namba kumi za akiba, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja. Ziandike kwa kalamu. Ukizipiga picha ya skrini zikabaki kwenye simu hiyo hiyo, siku ikiibwa zimekwenda nayo. Na ukibadilisha simu, hamisha Authenticator kwanza ndipo ufute ya zamani. Wengi hufanya kinyume.

Kwenye hela sikuwa na mengi. Niliangalia majina kwenye simu, na kweli, wawili walikuwa wamehifadhi "Mpesa siri" kama jina la mtu. Nilifuta, wakabadilisha namba papo hapo. SMS ya kupokea hela haithibitishi kitu, hata ikiingia kwenye mlolongo ule ule wa ujumbe halali, kwa sababu jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Salio linatazamwa kwenye menyu: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Akipiga mtu akilia kwamba amekosea namba, mjibu apige huduma kwa wateja airudishe mwenyewe. Usiitume kwa mkono wako. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaupeleka 15040 pamoja na namba iliyoutuma, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli.

Wi-Fi ya mgahawani inaogopwa kupita kiasi. Tovuti na programu nyingi siku hizi zinasimba mawasiliano. Mimi naogopa zaidi faili la .apk, yaani la kusakinisha programu, linalotumwa WhatsApp likijiita programu ya mkopo, kisha likaomba ruhusa ya Ufikivu. Ruhusa hiyo ilitengenezwa kwa watu wenye ulemavu, na programu iliyoipata inasoma kila kilichopo kwenye skrini na kubofya kwa niaba yako. Ingia Mipangilio, Ufikivu, uone nani yumo. Kwa dada wa nyumbani tulikuta tochi. Tochi haina sababu ya kusoma skrini, tukaiondoa.

Karatasi ya kila mtu, yenye PUK na zile namba kumi, imo kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Namba za siri hazimo. Kila baada ya miezi mitatu narudia *106# na *#21# kwenye simu zote sita, dakika mbili kila moja, na baba sasa anapiga zake mwenyewe kabla sijafika.