Subira ya Mlazo

Mwaka 2005 nilikuwa dogo wa kuosha brashi kwa fundi mmoja wa maandishi pale Gerezani, Kariakoo. Kazi nyingi zilikuwa za daladala: jina ubavuni, njia mbele, na nyuma yale maneno ya kuwachokoza majirani. Siku moja tajiri mmoja akaleta Coaster iliyotoka kupigwa rangi. Alitaka iandikwe SUBIRA, "ila herufi ziwe na spidi."

Suka akacheka hadi akalalia usukani. Fundi hakucheka. Alivuta karatasi yenye madoa ya mafuta, ya aina ya herufi iitwayo Helvetica, nzito na ya mlazo, yaani iliyoinamia kulia, iliyochapwa kwenye duka la kompyuta. Kwamba herufi hiyo ilizaliwa Uswisi mwaka 1957 kwa jina jingine, ikaitwa Helvetica mwaka 1960, niliyasoma miaka mingi baadaye, yeye hayakumhusu. Alichojali ni kwamba haina vikucha miguuni na ina mwili mnene, basi mtu aliye ng'ambo ya barabara anaisoma gari likiwa linapita. Kwenye barua, alisema, ingekuwa kama mtu anayekupigia kelele sikioni.

Akapiga uzi wa chaki, juu na chini. Kila sentimita 10 za kimo, kichwa cha herufi kinasogea 2 kulia. I ilikuwa kazi ya dakika moja. S aliifuta mara tatu. "Hii ukiisukuma tu inaota kitambi," akasema, na kweli, mpaka alipoipunguza kwa jicho ndipo ikakaa.

Jioni alikuwa amemaliza upande wa dereva. Simu ikaja, kuna msiba Chalinze. "Upande wa mlango malizia wewe. Fuata karatasi."

Nilichora kwa chaki, nikarudi nyuma kutazama, nikashtuka. Upande wa dereva, mbele ya gari iko kulia kwako unapolitazama, na herufi zinainamia huko huko. Upande wa mlango, mbele iko kushoto. Herufi zilikuwa zinainamia nyuma, kama abiria aliyesimama gari likiondoka ghafla. Nikajiona nimegundua jambo ambalo fundi hakuwahi kuliona. Nikafuta, nikalaza zote kushoto, nikapaka rangi ya mafuta usiku kucha kwa taa ya karabai.

Asubuhi tajiri alianza upande wa dereva, akatabasamu. Akazunguka. Akakaa kimya muda mrefu, mkono kiunoni.

"Dogo, hii subira imekunywa nini?"

Konda akajaribu kusoma kwa sauti, akakwama kwenye R. Jicho letu huanzia kushoto kwenda kulia, nami nilikuwa nimeliwekea kila herufi kama mtu anayekuja kinyume njiani. Gari lilikuwa linakwenda mbele, sawa, ila jina lilikuwa halisomeki.

Fundi alirudi mchana akiwa bado na vumbi la safari. Sikugombezwa, na hilo ndilo liliniuma. Alijaribu thina, rangi ilikuwa imeshakauka, akachukua msasa. Akaandika upya kwa mlazo wa kawaida, wa kulia. Tajiri akaanza tena: mbona huku gari linarudi nyuma? Fundi akachukua brashi nyembamba, akavuta mistari mitatu kutoka kwenye A kwenda nyuma ya gari, mirefu, inayochongoka mwishoni. Papo hapo herufi zikawa haziangukii nyuma tena. Zilikuwa zinapigwa na upepo. Mpaka leo sijaona ujanja wa kompyuta ulionifurahisha hivyo.

Tajiri akalipa, hela yangu ya siku ikakatwa msasa na rangi.

Coaster ile nilipanda mara nyingi baadaye. Jua la saa tisa likipiga ubavu ule, chini ya jina uliona mgongo wa rangi ya zamani: S yangu, imelalia kushoto.