Wanahistoria wawili ndani ya AICC

Binti yangu amechaguliwa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na shangazi yake ameshaanza: "Historia? Atakula nini huyo mtoto?" Nilicheka tu, ila usiku mawazo yakanipeleka AICC, kile kituo cha mikutano cha Arusha, mwaka 2002.

Wa Arusha mnaikumbuka mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari. Unapekuliwa, unapewa vya kuvaa masikioni, unakaa nyuma ya kioo. Kiingereza kipo, Kifaransa kipo, Kinyarwanda kipo. Kiswahili hakuna, na tuko Arusha! Lakini kuingia ni bure, na mimi ajira sikuwa nayo.

Siku hiyo shahidi alikuwa Alison Des Forges, mama wa Kimarekani, mfupi, kichwa chote mvi. Udaktari wake wa Yale ulihusu Rwanda ya Mwami Musinga, yaani mfalme Musinga. Mwaka 1999 akatoa kitabu kinene kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994. Mawakili wa utetezi walimbana. Hakupandisha sauti. Anauliza karatasi ni ya tarehe ngapi, anataja nani aliitisha kikao, nani alikuwepo, agizo lilishukaje kutoka juu mpaka kwa vijana wenye mapanga kwenye vizuizi vya barabarani. Halafu wakafika RTLM, redio iliyochochea mauaji yale: nani hasa alikuwa na kauli pale redioni?

Ndipo nikamtazama mshtakiwa. Ferdinand Nahimana naye ni mwanahistoria, msomi wa Paris, bingwa wa falme za zamani za kaskazini mwa Rwanda, na mmoja wa waasisi wa RTLM. Nikawa namwangalia huyu, namwangalia yule. Ya wakili sikuyasikia tena.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Desemba 2003 Nahimana alihukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa ya 2007 ikakifanya miaka 30. Des Forges alikuwa akisisitiza kwamba askari wa RPF, kundi lililoshika serikali ya Rwanda baada ya mauaji yale, nao washtakiwe kama walifanya uhalifu, na mwaka 2008 Kigali ikamzuia kuingia. Februari 2009 akafa katika ajali ya ndege karibu na Buffalo.

Mimi nilibaki na swali langu: yule profesa, alipokuwa akiandika kuhusu wafalme wa kaskazini, safari ya kwenda redioni ilikuwa imeshaanza? Mahakama isingenisaidia. Mamlaka yake yalihusu makosa ya kuanzia 1 Januari 1994 mpaka 31 Desemba mwaka huohuo tu.