Kipini cha panga la mkonge: matuta ya vidole yalinitia malengelenge

Atakayekwambia uzungushie kipini cha panga mpira wa baiskeli, mshukuru kwa adabu, kisha endelea na shughuli zako. Ushauri huo nimepewa na watu wasiopungua saba, kuanzia Muheza hadi Ngamiani, huku kwetu Tanga, na niliufuata mara moja tu. Mpira haunywi jasho. Mkono ukitota, jasho likachanganyika na maji ya mkonge yanayotoa povu kama la sabuni, panga linateleza kiganjani kama samaki mkunga. Tena mpira unaongeza unene bila kubadili umbo. Kipini kilichokuwa kibaya kinabaki kibaya, ila sasa kimenenepa.

Kipini cha dukani kimechongwa kwa ajili ya mkono wa mtu ambaye hajazaliwa. Ubavuni ni bapa, kwenye kona ni kikali, na mkiani kina ndoano inayokula nyama chini ya kidole cha mwisho. Ukifyeka majani nyumbani mara moja kwa mwezi hutayaona hayo. Mkata mkonge anayafahamu kabla jua halijapanda: akifunga mafungu 100 ya majani 30, panga limepiga mara 3,000, bila kuhesabu kukata miiba ya ncha.

Lengelenge lina anwani, na ukijua kuisoma hutabahatisha kwa tupa. Likitoka kwenye shina la kidole cha shahada, kipini ni chembamba au ni cha mviringo, kinazunguka kila panga linapogonga. Likitoka chini ya kidole cha mwisho, mkia una kona. Kati ya gumba na shahada, mbao zina ngazi pale zinapokutana na chuma. Kama huna lengelenge lolote lakini mkono unawaka kuanzia kiwiko, kipini ni kinene: vidole havifungi, kwa hiyo unakamua muda wote bila kujijua.

Sasa niseme aibu yangu. Kijana mmoja alinionyesha picha za bastola kwenye simu, vishikio vyenye matuta mbele, kila kidole na bonde lake. "Ami, hii ni sayansi," akasema. Nikaamini, maana kilikuwa kitu kizuri kwa macho. Nikachonga kipini cha mchungwa chenye matuta matatu na mabonde manne, nikapitisha msasa mpaka kikang'aa, na kila aliyekishika pale barazani akasema mashallah. Barazani! Shambani kilidumu hadi saa tatu asubuhi. Majani ya chini yanataka mkono urudi nyuma kidogo ili panga lipate mwendo. Kukata mwiba wa ncha kunataka mkono usogee mbele, karibu na chuma. Ukisogea nusu kidole tu, vidole havimo tena mabondeni, vimekaa juu ya matuta, na kila pigo tuta linagonga mfupa. Nilirudi na malengelenge manne yaliyojipanga kwa mstari kama wanafunzi wa chekechea.

Baadaye nikaambiwa kwamba hata kwenye bastola mambo hayo hayana makubaliano. Glock, watengenezaji wa bastola, waliweka matuta ya vidole kwenye kizazi chao cha tatu, na kizazi cha tano kilipotoka mwaka 2017 wakayaondoa, kwa sababu ileile: bonde linalomfaa mwenye kidole kinene linamuumiza mwenye chembamba. Kizazi cha nne, mwaka 2010, ndicho kilichopata akili zaidi kwa maoni yangu. Waliweka migongo ya kubadilisha, mwenye mkono mkubwa akaongeza, mwenye mdogo akaacha. Na bastola unaishika mara moja, mkono ukaganda hapo. Panga unalishika upya kila jani.

Kitu kimoja cha bastola nilikichukua, nacho ni mwinamo. Wanaozihama bastola zenye kishikio kilichosimama wakashika Glock hulalamika kwamba mtutu unatazama juu, mpaka kifundo cha mkono kizoee. Panga nalo liko hivyo. Kipini kikiwa kwenye mstari mmoja na makali, kifundo lazima kipinde ili makali yafike kwenye shina la jani. Kipini kikiinama kuelekea upande wa makali kiasi cha sentimita moja na nusu kwa urefu wake wote, kifundo kinanyooka. Usizidishe. Kwenye sentimita tatu panga lilianza kunichimbia ardhi.

Kilichonifaa ni umbo la yai: mgongo mnene unaojaza kiganja, tumbo jembamba kidogo ambako vidole vinakunja. Mkono wangu una sentimita 19 kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa mkono huo: milimita 38 kutoka mgongo hadi tumbo, 28 ubavu kwa ubavu, urefu sentimita 13, na katikati pavimbe milimita 2 zaidi. Uzi ukizungushwa unasoma kama sentimita 10 na nusu. Ncha ya kidole cha kati ikaribie gumba bila kugusana nalo. Zikigusana na kupitana, ni chembamba. Umbo la yai lina faida nyingine: hata gizani mkono unajua makali yako wapi.

Kuhusu mti, mpera ni mzuri lakini watu wanauchonga mbichi, na kipini cha mpera mbichi ni kama Tanga yetu, waja leo waondoka leo. Mbao ikikauka inanywea, ribiti, yaani misumari inayofunga mbao kwenye chuma, zinalegea. Halafu mtu analoweka panga kwenye ndoo usiku ili kipini kivimbe, na asubuhi kinakaza kweli. Lakini mbao iliyovimba huku imebanwa na chuma inajiponda yenyewe, ikikauka inalegea zaidi ya jana. Mimi nilitumia mchungwa mzee uliokatwa Muheza, nikaupasua mapema, nikapaka rangi kwenye ncha ili usipasuke, nikauweka kivulini. Utajuaje umekauka? Nenda nao dukani upimwe kwenye mizani kila Ijumaa. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, chonga. Mwenye duka wangu alidhani nauza.

Kuchonga kwenyewe hakuna siri: vipande viwili vya milimita 15, tezo ndogo, tupa ya mbao, msasa. Siri iko kwenye masizi. Kipini kikifikia umbo la kukaribia, chukua masizi ya sufuria, paka kiganja chote na vidole, shika kipini kama unakata kweli, piga hewani mara kumi, kisha fungua mkono. Palipo peusi sana ndipo panapokubonyeza. Toa hapo kidogo kwa tupa, futa, rudia. Mara ya kwanza kipini changu kilikuwa na doa moja jeusi kwenye mgongo na lingine mkiani, kwingine peupe kabisa, maana yake kazi yote ilikuwa inabebwa na sehemu mbili zenye ukubwa wa shilingi. Macho hayakuona kitu, vidole vilipopapasa havikuona kitu, masizi yakasema. Ilichukua raundi tisa mpaka weusi ukatapakaa sawasawa. Shemeji yangu alinikuta na mikono miwili myeusi akauliza kama nachoma mkaa.

Msuka, yaani mkia wa chuma wa panga unaochungulia katikati ya mbao, nao uviringe kwa tupa ya chuma. Pitisha ukucha, ukikwaruzika, bado.

Ribiti nilizitoa kwenye misumari ya inchi sita. Hapa nilipasua vipande viwili kabla ya kuelewa. Msumari wa dukani ni mgumu, ukiugonga hauchanui kichwa, unavimba katikati ndani ya mbao, na mbao inapasuka kufuata nyuzi. Utie kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, uzike kwenye jivu upoe polepole mpaka kesho yake, utalainika. Acha milimita 4 nje, weka washa (kile kibati cha duara chenye tundu), gonga kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi kuzunguka ukingo. Anayegonga kwa hasira atarudi kununua mbao. Chini ya mbao nilipaka gundi ya epoksi, na ndipo mpira wa baiskeli ulipopata kazi ya halali: uchane vipande virefu, uvute, uzungushie kipini chote kibanwe mpaka kesho, kisha uuvue. Hakuna jiriwa inayobana vitu vya duara vizuri hivyo.

Usipake vanishi. Inang'aa, inaziba vinyweleo, na kwa mkono uliolowa ni kioo. Mafuta ya nazi nayo hayakauki, yanabaki mafuta tu. Mafuta ya kitani yanakauka: mipako mitatu, siku moja moja katikati, ukifuta yanayobaki juu. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje, usikikunje ukakitupa kona, kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Msasa nao usipite namba 120. Kipini laini kama shavu la mtoto kinafurahisha jioni ya kwanza tu.

Gharama? Epoksi ya mirija miwili, washa, msasa, mafuta ya kitani: elfu kumi na mbili, au kumi na tano, pamoja na madafu. Mti nilipewa.

Kina miezi minane sasa. Ribiti ya nyuma ililegea mwezi wa tatu, nikaigonga mara sita ikatulia. Mkono wangu una sugu mbili na hakuna lengelenge. Mwenzangu wa mstari wa pili, mtu wa mkono mdogo, alikiazima asubuhi moja akanirudishia kabla ya saa nne: "Kaka, hili gogo." Sikubishana naye. Nilimpima kwa uzi, nikamchongea cha milimita 34 kwa 25, masizi raundi saba, mafuta ya kitani, kila kitu. Akakishika, akatabasamu, akasema sasa ndiyo kipini. Jumatatu yake nikamkuta nacho shambani, amekizungushia mpira wa baiskeli.