Daka la Sebuleni

Kati ya vitu vyote vinavyoipendezesha nyumba yangu hapa Mombasa, hakuna ninachokipenda kama daka, yaani shimo la kuwekea vitu, lililomo katika ukuta wa sebule, ambalo mwanzoni lilikuwa dirisha. Chumba kingine kilipoongezwa kwa nyuma, dirisha hilo lilibaki likitazama ukumbi mwembamba wenye giza, na wapangaji walionitangulia walikuwa wamelifunika kwa pazia zito. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa, nikamwita fundi mwashi, naye akang'oa fremu, akaziba upande wa nyuma kwa tofali nyembamba, kisha akapiga plasta na kuifinyanga sehemu ya juu hadi ikawa upinde mdogo. Kazi ilichukua siku mbili tu.

Wanaozijua nyumba za mawe za Lamu wataelewa wazo hilo nimelitoa wapi. Kuta za nyumba hizo hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hukaribia nusu mita, kwa hiyo mwashi hupata nafasi ya kutengeneza vidaka bila kuudhoofisha ukuta. Katika chumba cha ndani kabisa, vidaka hivyo, ambavyo wenyewe huviita zidaka, hupangwa safu juu ya safu hadi vikajaza ukuta mzima, vikanakshiwa kwa plasta, na zamani viliwekwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari kutoka China. Vyumba vyenyewe ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa pale upana unapozidi takriban mita tatu. Mimi naamini kwamba zidaka zilikuwa na kazi kubwa kuliko kuhifadhi vyombo: ziliupa ukuta kina, hata chumba chembamba kikaonekana kina mahali pengine pa kuendelea.

Langu ni moja, na nimejifunza kutolijaza. Mwezi wa kwanza niliweka humo picha, vitabu, maua ya plastiki na kila zawadi niliyowahi kupewa, na likawa kabati lisilo na mlango. Sasa lina dele la kahawa la shaba alilonirithisha bibi yangu, chetezo cha udongo, na bakuli jeupe ambalo jioni hulitia asumini chache zilizochumwa siku hiyo. Kwa juu, mahali pasipoonekana, pamefichwa taa ndogo yenye mwanga wa njano. Anayenunua balbu atazame namba iliyoandikwa kwenye boksi: yenye kelvini 2700 hutoa mwanga unaokaribia ule wa kandili, ilhali yenye 6500 hutoa weupe wa dukani ambao huifanya ngozi ya mtu ionekane imepauka.

Kuhusu rangi ya kuta, nina jambo lililoniuma. Nilipokuwa nikiishi katika nyumba ya mawe ya zamani, fundi mmoja alinishawishi tupake rangi ya mafuta inayong'aa, nami nikakubali kwa sababu ingepanguswa kwa urahisi. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na lazima uutoe. Ulipozibwa, rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, na nilipoigusa kwa kidole ilibanduka vipande vipande, nyuma yake pakiwa na unga mweupe wa chumvi. Ukuta wa namna hiyo haki yake ni chokaa. Hata katika nyumba yangu ya sasa, ambayo ni ya matofali ya saruji, nimechagua weupe usiong'aa, maana ndio unaoonyesha vizuri kivuli cha ule upinde.

Sakafuni nimetandika mkeka wa ukindu badala ya zulia. Ukiinama utaona jinsi kili, yaani kanda ndefu za ukindu uliosukwa, zilivyoshonwa ubavu kwa ubavu, na mahali ambapo msusi ameingiza miyaa, yaani majani ya kusukia, ya zambarau na kijani ili kupata ua lake. Hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuanikwa kivulini, kwani jua kali huila rangi. Juu yake kuna godoro jembamba na mito iliyovishwa kanga, na wageni wangu wengi huacha viti wakakaa hapo chini, hasa wakati wa kusi, upepo unapoingia kwa dirisha la upande wa bahari na kutokea mlangoni. Viti navyo nimevisogeza pembeni ili visiuzuie.

Baada ya magharibi hutia kipande cha udi juu ya kaa moja katika chetezo, nikakishika chini ya pazia la mlango kwa muda mfupi kabla ya kukirudisha dakani. Kitambaa huishika harufu hiyo hadi asubuhi, na kila anayelifunua pazia kuingia huipokea kabla hajamaliza kupiga hodi.