Jinsi nilivyohamisha injini, giaboksi na saspensheni ya STI hadi Subaru Impreza kuukuu ya milango miwili

Mkenya wa rika langu akiiona Impreza ya milango miwili barabarani, lazima ageuke. Dereva wa rali Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997, gari lake lilikuwa na bodi hiyohiyo. Hapa Marekani bodi hiyo iliuzwa kwa jina la 2.5 RS, toleo la 1998 hadi 2001, lakini ilitoka kiwandani bila tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi: injini ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 165 tu. Hata boneti yake ina mdomo wa kuvuta hewa ambao chini yake hakuna cha kupozwa. Nilijifunza ufundi kwenye gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, kabla sijahamia Massachusetts, na tangu nilipoigusa RS ya kwanza nilijua ninachotaka: bodi ile, na kila kinachosukuma na kubeba gari kitoke kwenye WRX STI, yaani Impreza yenye tabo na nguvu nyingi.

Jambo la kwanza ni bodi yenyewe. Huku kwetu barabara humwagwa chumvi majira yote ya baridi, na Impreza za miaka hiyo huoza pale panapouma zaidi, kwenye minara ya shokamzoba za nyuma na kingo za matao ya magurudumu. Rangi inaweza kung'aa na chuma cha ndani kiwe kimegeuka unga. Kwa hiyo niliacha magari ya karibu nikaagiza moja kutoka jimbo kavu la kusini-magharibi. Rangi ilikuwa imechunwa na jua, dashibodi ina nyufa, lakini chini chuma kilikuwa safi, bila kutu. Rangi hupakwa upya. Mnara uliooza hauwezi kubeba saspensheni ya STI hata uuchomelee vipi.

La pili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: nunua gari zima lililogongwa, usinunue vipandevipande. Mtu hukuta injini hapa, giaboksi kule, difu kwa muuzaji mwingine, anadhani ameokoa pesa. Giaboksi ya STI ya gia sita ina uwiano wa mwisho wa 3.90, yaani shafti huzunguka mara 3.90 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Difu ya RS ina 4.11. Ukiziunganisha mbili hizo, ekseli za mbele na za nyuma zitavutana muda wote na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itakufa. Gari zima likitoka mnadani, kila kitu kinalingana na mwenzake, na hata boliti ndogo ambazo huwezi kuzikumbuka zipo.

Mimi nilitafuta STI ya 2004 kwa makusudi. Ni ya mwaka wa kwanza Marekani, na magurudumu yake yana boliti tano kwenye duara la milimita 100, sawa na RS. Kuanzia 2005 zilipanuliwa kuwa 114.3. Pia haina ule mfumo wa ufunguo wenye chipu unaozuia injini kuwaka, ambao ungenisumbua sana kwenye waya. Niliipata ikiwa imegongwa ubavuni na nyuma, milango ya upande mmoja imeingia ndani, lakini pua nzima. Viti, taa, dashibodi na milango iliyosalia niliiuza baadaye, na pesa hizo zikarudisha sehemu nzuri ya gharama.

Kabla ya kung'oa chochote nilipima mgandamizo wa kila silinda. Injini hii, EJ257, ni tamu, lakini pistoni zake hujulikana kwa kupasuka pale ringi zinapokaa, hasa mtu akiiongezea nguvu bila mpango. Silinda zote nne zilikuwa zimekaribiana, nikatulia.

Kuitoa injini ya Subaru si kazi ngumu, imelala chini na kila kitu kinaonekana. Panapowakwamisha wengi ni klachi. Kwenye giaboksi hii beringi ya kuachanisha klachi huvuta, haisukumi, na uma unaoiendesha umeishika. Ukifungua boliti zote ukaanza kupinda kwa mtaimbo, utavunja kitu. Juu ya kifuniko cha giaboksi kuna kizibo cha kufungua kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Ukikitoa, ndani utaona kichwa cha kijiti cha chuma chenye uzi. Unaingiza boliti nyembamba ya milimita 6, unaikaza kwa vidole, kisha unavuta taratibu. Kijiti chote hutoka kimelowa grisi nyeusi, uma unalegea, na injini inaachana na giaboksi kama haikuwahi kushikana nayo. Shemeji yangu, ambaye ndiye alikuwa upande wa pili wa winchi, aliniuliza, "Ndiyo basi, shemeji? Ni hako tu?" Ni hako tu.

Injini ikiwa hewani nilibadilisha mkanda wa taimingi na rola zake zote, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krankshafti, na bomba la kufyonza oili ndani ya sampu, kwa sababu lile la kiwandani hupata ufa na injini ikakosa oili ghafla. Vitu hivyo ukivifanya injini ikiwa sakafuni ni kazi ya jioni. Ikiwa ndani ya gari, ni adhabu.

Chini ya gari nilihamisha mifumo mizima. Mbele, krosimemba ya STI, yaani ule mhimili unaobeba injini, ilikaa kwenye matundu ya RS, na inaacha nafasi ya bomba la moshi linalopanda kwenye tabo. Pamoja nayo nilileta mikono ya chini ya alumini, habu, ekseli na breki za Brembo. Nyuma, difu ya R180 iliingia mahali pa R160 ndogo, na habu na ekseli zake vilevile, ili breki ya mkono na nyaya zake zisiwe mchanganyiko wa magari mawili. Rimu za inchi 16 za RS haziwezi kuvuka Brembo hizo. Rimu za STI ni za inchi 17 na tairi 225, na kwa tairi hizo ilinibidi nikunje ukingo wa ndani wa fenda za nyuma, nikipasha rangi joto kwanza isipasuke.

Sasa waya. Hapa ndipo miradi mingi ya aina hii hulala chini ya turubai miaka nenda miaka rudi. Mimi niliondoa waya zote za STI kwenye mzoga bila kukata hata moja, nikazitandaza sakafuni kwa umbo lilelile zilivyokuwa ndani ya gari, na kila plagi nikaifunga utepe mweupe wenye jina. Kisha nikachapisha michoro ya magari yote mawili. Ukiitazama kwa utulivu, unagundua bodi haihitaji kujua mengi kuhusu injini. Taa, madirisha, waipa na honi hubaki na waya za RS. Injini, kompyuta yake na pedali ya mafuta (ya 2004 haina kebo, ni ya umeme) hubaki na waya za STI. Pande hizo mbili hukutana mahali pachache: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, stata, pampu ya mafuta, feni za radieta, mshale wa mizunguko, joto la maji, kasi ya gari, taa ya hitilafu na soketi ya kupimia. Kila muungano niliuchomea kwa lehemu na kuufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Difu ya katikati, ambayo kwa kawaida hugawa nguvu asilimia 35 mbele na 65 nyuma, niliipa kidhibiti chake cha pekee.

Siku ya kuwasha nilichomoa sensa ya krankshafti ili injini isiwake, nikazungusha stata mpaka taa ya oili ikazima, ndipo nikairudisha. Pua ya gari ilikuwa juu ya jeki wakati wa kujaza maji, maana injini hii hupenda kuficha hewa. Ikawaka, na ule mngurumo wa Subaru ukajaza gereji.

RS ina uzito wa kilo 1,280 hivi, STI ina karibu 1,480. Hata ukiongeza giaboksi na difu nzito, gari hili ni jepesi kuliko lile vilikotoka vitu vyake, na unalihisi kwenye kila kona. Wepesi huohuo ulifanya springi za STI zilisimamishe juu mno, nikaweka fupi zaidi kisha nikapima alaimenti upya. Nguvu sijaziongeza: farasi 300 za kiwandani zinatosha, na vichujio vyote vya moshi vipo, kwa sababu kanuni za hapa hudai injini iliyohamishwa iwe ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, pamoja na vifaa vyake vyote vya hewa chafu.

Kwa walio nyumbani wanaotaka kujaribu kwenye Impreza ya milango miwili kutoka Japani: kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, tafuta STI iliyogongwa humohumo nchini, na injini ya EJ207 ya lita 2.0 itakufaa, maana STI za soko la Japani zilizoitumia zina usukani wa kulia. Muuzaji akikupa injini bila kompyuta, pedali na waya zake zote, usimlipe.